Sarafu ya Kipanga

Haikulia.

Ghati aliilaza sarafu kwenye ncha ya kidole, akaigonga ubavuni kwa penseli, akaisogeza sikioni. Akaigonga tena. Hosiana, aliyekaa upande wa pili wa meza ya kioo, mkoba umebanwa mapajani, alisikia mlio mfupi, mkavu, kama kijiko kilichogonga jino. Basi. Hakikufuata kitu.

"Ilitakiwa ifanye nini?" aliuliza.

"Ilie, mama. Fedha halisi, hii ya pete na bangili, ukiigonga inalia, na mlio unakaa. Hii imenyamaza."

"Labda imechoka."

Ghati akatabasamu bila kuinua uso. Alikuwa mwanamke mfupi wa Tarime aliyeolewa Shinyanga, na kioo chake cha kukuzia kilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Mumewe alikuwa sonara. Alipofariki, mke alibaki na meza, mizani ndogo na wateja wa hereni zilizokatika. Mara mojamoja walikuja pia watu wenye sarafu za kale, rupia za Mjerumani na senti za mkoloni, na hizo Ghati alizikagua na kuzipanga madaraja kwa niaba ya mzee mmoja wa Arusha anayezikusanya. Huyo mzee ndiye aliyemfundisha. Watu wa kijijini kwake, Samuye, walipomwelekeza Hosiana walimwambia hivi tu: nenda kwa yule mama, hana haraka, na hakwambii unachotaka kusikia.

"Hii ni ya Meksiko," Ghati alisema. "Au inajidai ni ya Meksiko. Hapa wameandika, hapa ni mwaka, na huyu ni tai amemkamata nyoka. Angalia shingo yake ilivyopinda chini. Walizitengeneza hivi miaka michache tu, kisha wakamnyoosha shingo. Kwa hiyo zenye shingo hii ni adimu."

"Sisi tunamwita kipanga." Hosiana akainama kutazama. "Na hiyo Meksiko, iko huku mbele ya Mwanza?"

"Mbele sana, mama. Mwanza unaiacha, unavuka bahari, na bado hujafika."

Hosiana akaitikia kwa kichwa. Wote wawili waliokuwemo mle sarafuni, ndege na nyoka, walikuwa wametoka mbali kuja kumtia yeye matatani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ngassa, babu wa babu wa marehemu mumewe, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe ya tembo begani kutoka Usukuma hadi pwani, wenzake wakafa njiani, yeye akarudi, na kifuani mwake amening'iniza sarafu yenye kipanga. Toka hapo haikuuzwa wala kuazimishwa. Ilivaliwa na yule mmoja katika ukoo aliyekabidhiwa kumkumbuka Ngassa, na kwa sasa huyo ni Limi, shangazi wa mumewe, mwanamke mzee sana ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Kila mwaka kabla ya kupanda, waliitoa shingoni mwa Limi na kumpa Hosiana aipake samli. Ilikuwa kazi ya mkwe wa boma lile, na yeye aliipokea akiwa bibi harusi. Kuipaka tu. Kuiosha ilikuwa mwiko. Kwa hiyo samli ya miaka ikashikana na moshi na jasho la vifua, na sarafu ikawa nyeusi kama chini ya chungu. Herufi zake alizijua kwa kidole gumba kuliko kwa macho. Siku za Jumapili alikwenda kanisani, na siku ya samli alipaka samli, na hakuona kwamba kimoja kinamgombeza mwenzake.

Nkwabi, mwanawe wa pekee, alipokwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu, Limi alijivua sarafu akamvika. "Huyu alikwenda pwani akarudi," alisema. "Atakutoa na wewe shimoni." Ikakaa kwa Nkwabi msimu mzima. Kisha akairudisha, akamvika Limi kwa mikono yake mwenyewe, akarudi machimboni.

Hapo ndipo Ngusa, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Hosiana, alipoona kwenye simu ya mtu picha ya sarafu kama ile, na chini yake wameandika kwamba ni adimu. Akaiomba kwa shangazi. Kujua tu thamani yake, alisema, si kuuza, nani ameongelea kuuza? Akaipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu hukohuko Nyarugusu. Na kule, kila kitu kinapimwa kama dhahabu. Mnunuzi akaisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka ikang'aa, akaidondoshea tindikali, tindikali ikatoa povu la kijani.

"Shaba," mnunuzi akasema, akamrudishia.

Ngusa alirudi Samuye na kitu cheupe kinachometa, kina doa la kahawia pembeni. Kikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyekitambua. "Hii siyo," wakasema. "Ile ilikuwa nyeusi." Na jina la Nkwabi likatajwa kabla chai haijapoa. Nani mwingine aliyekaa nayo? Nani anayeishi na mafundi wa kuyeyusha na kumimina? Ya kweli kaiuza, katuletea ya bandia. Ukoo ungekaa Jumamosi. Ikithibitika, Nkwabi hatakanyaga tena pale nyumbani, na siku akifa hatazikwa karibu na baba yake.

Hosiana alikuwa ameomba jambo moja tu, apewe sarafu aipeleke kwa mtu wa kazi. Ngusa akakubali akicheka. Alijua povu la kijani halibadiliki likisafirishwa kwenda mjini.

Sasa Ghati aliiweka kwenye mizani, akasubiri namba zitulie.

"Inapungua. Ya kweli ina gramu ishirini na saba, hii imekosa karibu nne. Tundu la kamba haliwezi kula zote hizo." Akaigeuza wima, akaipitisha ukingoni kwa ukucha. "Na hapa pembeni. Ya kweli ina urembo umegandamizwa kwa mashine, kiduara, kiboksi, kiduara, kiboksi. Hii mtu amekata kwa tupa, kwa mkono. Huyu hapa mkono umemteleza." Akamwonyesha. "Katikati ni shaba, juu wamepaka fedha nyembamba kama ganda la kitunguu."

"Kwa hiyo."

"Kwa hiyo ni ya bandia, mama yangu."

Nje ya duka kulikuwa na mtu anauza ndala kwa kipaza sauti, bei ileile, sauti ileile. Aliyafikiria mabati ya jiko lake. Nkwabi aliyaleta mwisho wa mvua, mapya, na mama yake alipomwuliza alisema tulikamata mwamba wenye dhahabu, mayu, Mungu alituona. Tangu maneno yaanze, kila akisonga ugali aliinua macho akayatazama yale mabati, na mkono ukasimama. Kidole gumba chake kilimwambia sarafu ni ileile. Lakini kidole cha mama kina ushahidi gani?

"Nirudishie," alisema, akanyoosha mkono. "Nimekusumbua. Wabeja, asante."

Ghati hakuirudisha.

"Ngoja kwanza. Nimekwambia ni ya bandia. Sijakwambia ni ya lini."

Akavuta taa ya mezani, akashusha kioo cha kukuzia, na kwa muda kichwa chake kikaziba kila kitu. Alipoongea, aliongea taratibu, kama anayesoma maandishi ya mtu mwenye mwandiko mbaya.

"Mimi nikipanga daraja la sarafu, natazama imeliwa wapi. Ya sokoni inaliwa pande zote, kwa sababu inapita mikono. Hii imeliwa upande mmoja. Manyoya ya kifua cha ndege yamekwisha kabisa, upande wa pili maandishi yapo. Huyu ndege alikuwa amelalia ngozi ya mtu. Muda mrefu." Akageuza. "Njoo huku. Weka jicho. Unaliona tundu?"

Hosiana alizunguka meza. Kwenye kioo tundu lilikuwa kubwa kama mdomo wa kisima.

"Ni duara?"

"Hapana. Limevutwa juu. Kama chozi."

"Kamba ndiyo imelivuta. Tundu jipya ni duara. Kamba ya ngozi ikivaliwa mwaka mmoja haifanyi kitu, ikivaliwa miaka kumi haifanyi kitu. Hapa ni maisha ya watu, mama, mmoja anamwachia mwingine. Na ndani humo, pale kamba ilipopita, fedha imekwisha na shaba imelainika imekuwa nyeusi. Waya wa sufuria haukufika humo. Hakuna fundi wa Nyarugusu, wala wa wapi, anayetengeneza hiyo kwa msimu mmoja."

Hosiana aliendelea kutazama. Pembeni mwa lile tundu, kwenye kona ambayo waya haukuingia, kulikuwa na uchafu mweusi unaong'aa kidogo. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Ilikuwa samli.

"Ni ileile," alisema.

"Ni ileile. Mwanao alirudisha alichopewa."

Akakaa chini. Alitaka kushukuru na hakuweza, maana furaha ilikuwa imefika na kitu kingine nyuma yake. Kilimchukua muda kukiona vizuri.

"Mwanangu," alimwambia Ghati polepole, "kama ni ileile, na ni ya bandia, basi ilikuwa ya bandia tangu pwani."

Ghati akavua kioo. "Zilikuwepo zamani. Matapeli hawakuanza jana. Mtu anakuja na pembe, hajui kusoma, ana haraka ya kurudi kwao."

"Alibeba pembe begani mpaka bega likaota sugu. Hivyo ndivyo wanavyosimulia. Bega moja lilikuwa juu kuliko lingine mpaka anazikwa."

"Kuna kitu kingine," Ghati alisema, "lakini sijui kama nikwambie."

"Umeshanifikisha huku."

"Hapa tundu lilipo, chini yake kuna mkato wa kisu. Wa zamani, kingo zake zimelainika. Mtu aliikata kidogo ili aone ndani. Halafu mtu akatoboa tundu palepale, likala nusu ya mkato."

"Mtu huyohuyo?"

"Hilo siwezi kulisema. Chuma hakisemi hayo."

Alipotoka pale, Hosiana alisimama kwenye kivuli cha ukuta karibu na stendi, akampigia Nkwabi simu. Ilipokelewa kwenye kelele.

"Mayu! Mwadila."

"Mwadila, baba. Sikiliza. Nimetoka kwa mama mmoja anayejua sarafu. Amesema ni ileile. Hukubadilisha kitu. Jumamosi nitasema hivyo mbele yao wote."

Kelele zikapungua, kama mtu aliyesogea mbali na mashine.

"Ulipeleka ikapimwe," Nkwabi alisema.

"Ndiyo. Ili wanyamaze."

"Siku ile baba mkubwa aliponitaja, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisemaje?"

Hosiana aliangalia ndala zilizopangwa chini, nyekundu, bluu, nyekundu. "Nilisema ipimwe."

"Hukusema mwanangu hawezi."

"Nkwabi—"

"Hukupeleka sarafu, mayu. Ulinipeleka mimi. Ukakaa pale ukasubiri mama wa watu akwambie kama nimetoka safi."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, na mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

Siku zilizobaki aliishi na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Akisema kweli, mwanawe anatoka aibuni, na Ngassa anaingia. Ukoo mzima ulitambika kwa kipande kile, wagonjwa waliwekewa kifuani, mabinti walioolewa mbali walirudi kukigusa. Akinyamaza, Ngassa anabaki mtu aliyerudi na fedha, na Nkwabi anabaki mwizi wa fedha hiyo. Alijaribu kutafuta njia ya katikati. Aliitafuta akichambua mchele, akakuta ameuchambua mara mbili.

Jumamosi mchana walikaa uani kwa Ngusa, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, Limi ameegemezwa ukutani kwa mto. Shingo yake ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu aliyezoea kuiona hivyo, na wengi waliongea naye wakitazama pembeni.

"Karibu, Mama Nkwabi," Ngusa alisema. "Tunasikia umepata fundi mjini. Anafua nguo tu, au na watoto wa watu anawafua wakatakata?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Mwulize bei, na wewe una wako yule wa Isaka." Wakacheka zaidi, na Ngusa akacheka nao, maana mtoto wake wa nje ya ndoa, yule wa Isaka, alijulikana.

Hosiana alisimama. Hakuwa amezoea kusimama mbele ya wanaume wa ukoo, na mikono ilimkosa pa kwenda, akaificha ndani ya khanga.

"Shemeji, ulisema hii ni shaba. Ni kweli. Ni shaba iliyopakwa fedha."

Ngusa akageuka kuwatazama wenzake kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza.

"Lakini ni ileile," Hosiana aliendelea. "Ni hii tuliyonayo siku zote. Hamkuitambua kwa sababu imeoshwa. Tundu lake limevutwa na kamba, kamba ya mama zenu na baba zenu. Humo ndani bado kuna samli yangu. Nkwabi alirudisha alichopewa. Ilikuwa shaba tangu siku Ngassa alipokabidhiwa."

Ilichukua muda maneno kufika. Yalipofika, yalifika kwa wote pamoja.

"Unamwita babu yetu tapeli!"

"Sikusema tapeli. Nimesema alitapeliwa."

"Ili umwokoe mtoto wako unamvua nguo marehemu!" Ngusa alikuwa ameshasimama. "Mwanamke uliyekuja hapa na sanduku moja! Mimi nimekua naiona hii. Mama yangu aliwekewa kifuani akapona. Alipona kwa shaba?"

"Alipona," Hosiana alisema. "Hilo nalijua. Nilikuwepo."

"Kwa nini basi?"

"Sijui, shemeji. Hilo sikuliuliza."

Akaifungua khanga pindoni, akaitoa sarafu, akamnyooshea kwenye kiganja. "Weka kidole. Tundu lenyewe litakwambia."

Ngusa alinyoosha mkono. Kidole kilikaribia, kikasimama, kikarudi. Akaufuta mkono kwenye suruali ingawa haukuwa umegusa kitu. Sarafu ikabaki kiganjani mwa Hosiana, na kila mtu aliyegeukiwa alitazama kwingine, mpaka sauti ikatoka kule ukutani.

"Nileteeni kilicho changu."

Hosiana akapiga magoti mkekani mbele ya Limi, akamwekea mkononi. Mwanamke mzee hakuigeuzageuza. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja pale penye tundu, kikashuka kidogo, kikatulia juu ya ule mkato ambao Hosiana hakuwa amemwambia mtu yeyote habari zake. Kikakaa hapo. Uso wa Limi haukuonyesha mshangao wowote.

"Mmemsugua," alisema. "Mmemsugua babu yenu kama sufuria."

"Shangazi," Ngusa alianza, "wewe mwenyewe unatambua kwamba—"

"Kamba."

Mtu akaleta kamba. Limi akaitunga mwenyewe, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akainamisha kichwa, akajivika, akaisukuma ndani ya gauni, akavuta khanga juu yake. Watu waliona tu kitambaa kikipanda na kushuka.

Ngusa alikaa chini. Alikuwa amezeeka kidogo, au ni jua. "Kwa hiyo, shangazi," alisema, "tuseme kijana anaweza kurudi?"

"Mbona mnaniuliza mimi," Limi alisema. "Mwulizeni mama yake kama atarudi."

Hakuna aliyemwuliza. Chai ililetwa, na maongezi yakahamia kwenye pamba na bei zake, kwa sauti za chini mwanzoni, kisha za kawaida. Wengine hawakunywa. Wawili waliondoka bila kuaga.

Hosiana alikwenda nyuma ya zizi, mahali ambapo mtandao ulishika, akasimama kwenye samadi kavu na kupiga. Iliita mpaka akajua itakatika. Haikukatika. Mtu alipokea.

"Nkwabi," alisema.

Hakujibiwa. Lakini simu ilikuwa wazi, na kwa mbali alisikia karasha likisaga mawe, lile pipa la chuma linalozunguka na magololi yake ndani, likiyaponda yale yaliyotoka shimoni kuwa unga, bila kuharakisha. Chini ya mngurumo huo kulikuwa na pumzi ya mtu.

Akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, akanyamaza naye, akisikiliza.